Injinia Aliyevunja Kalavati Lake Mwenyewe

Kitu cha kwanza nilichomwona Injinia akifanya ni kuvunja ukuta. Ulikuwa ukuta mpya wa kalavati, ile njia ya maji chini ya barabara, pale Sanje, mbao zake zimeondolewa asubuhi ileile, na mkandarasi alikuwa bado amesimama pembeni akiupiga picha kwa simu. Injinia alishuka kwenye pikapu, akaupitia ukuta mara moja akiugonga kwa kifundo cha kidole, akarudi garini, akatoa nyundo kubwa yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, na bila kumsalimia mtu akaanza kuupiga. Hakuwa mtu mrefu. Alikuwa mfupi, mabega mapana, kitambaa cheusi kichwani, buti za mpira miguuni, na alipiga kutoka kiunoni kama mtu anayepasua kuni za msiba. Kipande cha zege kikaruka, kikampata mkandarasi mdomoni. Damu ikamtoka. Injinia akamtazama, akasema, "Shukuru Mungu ni laini. Lingekuwa zege la kweli, meno yangekuwa chini."

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi, nimetoka chuo Dar es Salaam kwa mafunzo ya vitendo, nina kofia ngumu mpya na imani kwamba ujenzi ni mahesabu. Niliomba kuletwa Ifakara kwa sababu ni nyumbani. Mjomba aliyenilea alikuwa akilima mpunga Katindiuka, na nilijua kwake sitalala njaa. Hakuna aliyenionya kuhusu Injinia wa barabara. Siku ile Sanje alinisukumia nyundo kifuani, akasema, "Wewe wa chuo, endelea hapo nilipoishia." Nikapiga mpaka viganja vikachubuka. Nikamuuliza, "Injinia, imetosha?"

"Bado," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mafundi wakibomoa walichokosea na kumuuliza kama imetosha, alijibu bado, hata pale kilichobaki kikiwa vumbi na nondo zilizopinda. Udongo ukishindiliwa, bado. Zege likichanganywa, bado. Mafundi wakiwa kilabuni walikuwa wakiulizana, "Umelewa?" na kujibu "Bado" kwa sauti yake, wakicheka mpaka wanashika mbavu. Mbele yake walifyata mkia.

Kwa majina hakumwita mtu. Msimamizi wa vibarua alikuwa "wewe wa kofia", dereva alikuwa "wewe wa usingizi", na mimi nilibaki "wewe wa chuo" mpaka leo. Watu wa bondeni walimwita Mama Injinia. Mimi nilisema Injinia tu, maana siku niliyojaribu kumwita mama aliniuliza kama amewahi kuninyonyesha.

Alikuwa na mkono mwepesi. Nilimwona akimzaba kibao fundi aliyejaza mifuko mitupu ya saruji ndani ya nguzo ili zege lipungue. Fundi yule, mtu wa Mchombe mwenye hasira zake, akamrudishia kibao cha nguvu mpaka kitambaa kikaruka. Sote tukarudi nyuma, tukijua leo hapatoshi. Injinia akaokota kitambaa, akakikung'uta, akakifunga upya. "Sawa," akasema. "Tumemalizana sisi wawili. Sasa vunja nguzo." Fundi akavunja. Alikaa naye miaka mingi baada ya hapo, na Injinia alikuwa akimtuma kwenye kazi ngumu kuliko mwingine yeyote.

Na bado mtu huyohuyo alikuwa hawezi kuona kuku akichinjwa. Tukialikwa mahali na mwenyeji akashika kisu, Injinia alinyanyuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka aambiwe kuku ameshanyonyolewa. Tena alikuwa na adabu za zamani. Mzee yeyote tukimkuta njiani, hata mlevi anayeyumba na baiskeli yake, Injinia alisimamisha gari, akashuka, akakunja goti, "Shikamoo baba," akangoja marahaba yake, ndipo akapanda na kuendelea kutukana. Nilimshangaa kwa hilo. Sikuwahi kumzoea.

Kuhusu chuo aliongea kidogo na kwa dharau, ingawa yeye mwenyewe alisoma, enzi ambazo darasa la uhandisi lilikuwa na wasichana wa kuhesabika kwa vidole. Alinisimulia kisa kimoja tu cha masomo yake. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba angefaa zaidi akasomee mapishi. Injinia akamrushia kiti. "Sikumpata," aliniambia, na alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli, kana kwamba jambo lenyewe limetokea juzi.

Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye bomba la kalavati tukila wali na perege, nikaanza kumweleza jinsi tulivyofundishwa kukokotoa maji ya mvua: eneo la mlima, mvua inayonyesha, ukubwa wa kalavati. Nilikuwa naijua kanuni ile kama sala. Alinisikiliza huku akiutafuna mfupa wa samaki na kuutema. "Chuo wanawafundisha maji yanatoka wapi," akasema. "Hawawafundishi yanakwenda kwa nani." Nilidhani ananitania. Kumbe wakati huo hata yeye alikuwa hajajua vizuri anachokisema.

Sasa niseme habari ya kalavati la Katindiuka, maana bila hilo huyu mtu hawezi kueleweka, na wala nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Huku kwetu, mpunga ukishavunwa, wakulima huwaachia wafugaji waingize ng'ombe kula mabua. Wafugaji hawa ni Wasukuma waliohamia bondeni kutoka Kanda ya Ziwa miaka ya karibuni, na kwa kiangazi kizima ng'ombe wao hukanyaga kingo za majaruba ya mpunga mpaka shamba linakuwa bapa. Masika yakikaribia, wakulima hurudi na majembe wakazipandisha kingo upya, na zile kingo ndizo zinazoyapinda maji yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa, yaingie jaruba hadi jaruba. Kila mtoto wa Katindiuka anajua hivyo. Injinia alikuja kupima barabara kiangazi. Kipimo chake kilimwonyesha ardhi iliyolala, na mkondo mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini, na pale mkondo ulipokata barabara ndipo alipoweka kalavati. Kwa kitabu, hakukosea hata sentimita moja.

Masika yalipoingia, wakulima wakainua kingo zao, na kalavati likawa limekaa mdomoni mwa maji ya mpunga. Lilikuwa linayanyonya yote ya upande wa juu na kuyatapika upande wa chini, kwenye malisho ya wafugaji. Majaruba ya juu yakaanza kupasuka ardhi huku mvua ikinyesha. Wakulima wakafanya walichoona ni haki yao: wakajaza viroba kwa udongo, wakaliziba kalavati kabisa. Maji yakasimama upande wa juu wa barabara kama bwawa, yakawa yanalilainisha tuta la barabara kwa ndani.

Injinia alipopata habari tulikuwa Mchombe. Alipanda gari bila kuongea. Tulikuta wanaume wa Katindiuka wamejipanga mbele ya viroba, wengine na majembe, wengine na fimbo, na mbele yao alisimama mjomba wangu.

"Mama, haya maji yamepita hapa kabla wewe hujaja," mjomba akamwambia. "Ukiyaachia, mpunga wetu unakufa. Watoto watakula nini?"

"Shikamoo baba. Nisipoyaachia tuta linakatika. Likikatika, linaondoka na barabara, na huo mpunga, na yeyote atakayekuwa chini."

"Basi likatike."

"Halikatiki. Nimelijenga mimi."

Akashika sululu, akaingia majini, akaanza kuvichoma viroba. Mjomba alimwambia acha. Akamwambia tena. Kisha mjomba wangu, mtu aliyenipeleka shule kwa baiskeli nikiwa nimekaa mbele kwenye bomba, aliinua mpini wa jembe akampiga Injinia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa. Wengine nao wakaingia na fimbo. Mimi binamu yangu alinikaba shingo akanilaza kwenye tope, akawa ananiambia sikioni nitulie, nitulie, hii haikuhusu. Kutoka pale chini niliona Injinia akipigwa mgongoni na mabegani huku sululu iko mkono wa kulia, akichoma kiroba, akichoma kingine, akitukana kwa kila pigo analolipokea. Viroba vikaachia kwa mshindo. Maji yakamsomba yeye pamoja na wanaume waliokuwa wakimpiga, yakawapitisha wote ndani ya kalavati na kuwatupa upande wa pili. Walitokea wamechubuka nyuso, wamekamatana mashati ili wasizame.

Polisi walimuuliza nani kamvunja mkono. "Nilianguka," akasema. Wakamuuliza tena mbele yangu, akawauliza kama wao hawajawahi kuanguka.

Kesho yake, plasta ikiwa bado mbichi, aliniambia nimpeleke kwa mjomba. Nilijua anakwenda kulipiza. Alifika uani, akakunja goti mbele ya mtu aliyemvunja, akasema, "Shikamoo baba." "Marahaba," mjomba akasema, akitazama pembeni. Mke wa mjomba, ambaye mimi namwita mama, akaleta wali na mboga ya majani bila kuulizwa. Injinia alikula kwa mkono mmoja, akamaliza, akashukuru.

"Baba, mmeziba tena jana jioni," akasema.

"Tumeziba."

"Kesho nakuja kuzibua. Nimeona nije kukuambia, nisije kama mwizi."

Mjomba akainamisha kichwa. Angeweza kumfukuza, lakini mgeni alikuwa na wali wake tumboni, na mkono ule wa plasta ulikuwa juu ya mkeka wake. Kesho yake wanaume wa Katindiuka walisimama mbali wakamtazama akizibua. Hakuna aliyeinua fimbo. Niliona fahari siku ile. Nilijisemea, hii ndiyo kazi ninayoitaka, mtu anashinda bila kupiga.

Maji yakashuka chini. Wafugaji wakaja na kibuyu cha maziwa kumshukuru. Injinia alikipokea, akakigeuza, akayamwaga yote chini mbele yao. "Msinishukuru," akasema. "Sikuwafungulia nyinyi." Mzee wao mmoja alitazama maziwa yakinywewa na ardhi. "Mayu," akamwambia kwa upole, kwa lugha yao maana yake mama, "maziwa hayana kosa." Injinia akaona aibu. Akamwomba radhi mzee yule, akamwamkia. Lakini wakulima waliokuwa njiani walikwisha kuona kibuyu kikifika kwake, na kilichomwagwa hawakukiona.

Mpunga wa juu ulikuwa umebeba, unakaribia kutoa masuke. Ulikauka ukiwa hivyohivyo. Ng'ombe wakafuata maji kutoka chini, wakafuata majani, wakaingia kwenye majaruba yaliyokauka, wakaanza kula kile kidogo kilichobaki cha kijani. Tulikuwa barabarani, hatua chache kutoka hapo, tukipima tuta, mchana kweupe, tuliposikia ukelele.

Sijui nani alianza, na kila anayedai anajua anadanganya. Ilikuwa patashika. Mapanga, marungu, mishale, mbwa, ng'ombe waliokatwa mishipa ya miguu wakiburura makalio chini huku wakilia kwa sauti nisiyotaka kuisikia tena. Nilimwona kijana wa kifugaji amekaa chini akiutazama mkono wake uliokuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Nilimwona mtu niliyesoma naye shule ya msingi akimkanyaga mtu shingoni. Nikamwona mjomba akigeuka kuniangalia, nadhani alikuwa anataka kuniambia nikimbie, na rungu likampata nyuma ya sikio. Alianguka kando ya barabara, juu ya kalavati lenyewe, miguu ikining'inia upande wa maji.

Injinia aliendesha pikapu mpaka katikati yao. Akashuka na nyundo. Nilidhani ataua mtu. Badala yake akaanza kuipiga pikapu yenyewe, boneti, taa, kioo, kwa mkono mmoja, akipiga na kupiga, chuma kikilia bonde zima, mpaka watu mmoja mmoja wakaacha walichokuwa wakifanya wakageuka kumtazama mwendawazimu huyu. "Pandisheni majeruhi!" akapiga kelele. Wakapandisha. Mjomba wangu na yule kijana wa kifugaji walilazwa ubavu kwa ubavu nyuma ya gari, mimi katikati, kichwa cha mmoja paja hili na cha mwingine paja lile.

Aliendesha kwenda Ifakara kwa mkono mmoja bila kioo cha mbele, tope likimrukia usoni, na njia nzima alikuwa akimtukana mjomba. "Mzee, usife kwenye gari langu! Umenisikia? Umenivunja mkono, bado hujaniomba radhi! Usithubutu!" Mjomba alikuwa amekwisha kufa tangu tulipopita mashine za mpunga. Nilimpapasa nikajua. Sikumwambia Injinia. Nilimwacha aendelee kumtukana.

Kijana wa kifugaji alipona, mkono wakaukata.

Nilimchukia. Nataka liandikwe wazi, kwa sababu watu wakinisikia nikimsimulia Injinia wanadhani nilikuwa mfuasi wake. Nilimchukia kwa mifupa yangu yote. Kwa hesabu yangu yeye ndiye aliyemuua mjomba, kwa kipimo chake cha kiangazi na kichwa chake kigumu, na kule kukunja goti uani kwetu niliona ni ujanja wa kumfunga mzee mikono. Mwenye rungu simjui na sikumtafuta. Injinia nilikuwa namjua.

Alikuja mazishini. Hakuna aliyemtarajia. Alipita katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, kanga imefungwa juu ya suruali ya kazi, akasimama mbele ya mke wa mjomba. Mama akanyanyuka akampiga kofi. Akampiga la pili. Akachota udongo wa kaburi akampaka usoni, akampiga kifuani kwa ngumi, akampiga juu ya plasta, mpaka akaishiwa pumzi akabaki amemshika nguo. Injinia, aliyetukana kwa kila fimbo siku ya viroba, alisimama palepale na udongo machoni.

"Bado, mama," akasema. "Bado."

Wanawake wakawatenganisha.

Baada ya matanga alilivunja kalavati. Kazi ile hakumpa fundi wala kibarua. Wakulima walikaa upande wa juu, wafugaji upande wa chini, sote tukimtazama mwanamke mmoja akiupiga ukuta alioujenga mwenyewe, na ukuta ule ulikuwa mgumu kwa sababu alikuwa amehakikisha unakuwa mgumu. Nyundo ilikuwa inadunda. Plasta ilipasuka ikaanguka vipande, naye akaendelea kupiga na ule mkono uliovunjika, akipiga yowe kila nyundo inapotua. Ulikuja kuunga umepinda na haujawahi kunyooka. Safari hii hakuna aliyethubutu kumuuliza kama imetosha.

Mahali pale akajenga drifti, yaani sakafu ya zege iliyolala usawa wa majaruba ili maji yaliyozidi tu ndiyo yapite juu yake, yasiwe na mdomo wa kuzibwa na mtu. Wakulima wakapata maji yao na wafugaji wakabakiwa na yao. Lakini siku za mafuriko hakuna gari lililovuka, na mabasi yaligeuzia hapo. Abiria walimlaani, wenye mabasi walimlaani, wanasiasa wakasimama kwenye mikutano wakauliza ni injinia gani anayejenga barabara ya samaki. Mwishowe alihamishiwa mezani, na mezani hakudumu.

Alinipa alama za juu kwa mafunzo yale, na hilo lilinichoma zaidi. Nilirudi chuo nikiwa nimeamua kuacha. Muhula ule nilikuwa siingii darasani, na karibu nidisko, yaani nifukuzwe kwa kufeli. Kilichonirudisha vitabuni ni hasira. Nilitaka nijue uhandisi vizuri kiasi cha kuweza kuonyesha, kwa kanuni na kwa hesabu, mahali Injinia alipokosea. Nilisoma haidrolojia kama mtu anayenoa panga. Na nilipofika mwisho, nikakokotoa lile bonde letu kwa kanuni zote nilizofundishwa, jibu likaja lilelile. Kalavati lilitakiwa kuwekwa pale alipoliweka. Vitabu vyote vilikuwa upande wake. Nilikipiga kitabu ukutani mpaka jalada likang'oka.

Miaka ile waliopita mikononi mwake baada yangu walinisimulia kwamba alikuwa na swali jipya. Ukimletea mchoro, hata uwe mzuri namna gani, aliuliza, "Umepima lini?" Ukijibu kiangazi, alikurushia mchoro usoni.

Sasa na mimi ni mhandisi wa barabara, nina kelele zangu na nimevunja kuta zangu. Nilipopewa kazi ya kujenga daraja pale Katindiuka, la nafasi pana na miguu mirefu, kitu cha kwanza kilichotakiwa ni kuiondoa drifti. Ningeweza kuleta mashine nikamaliza mchana mmoja. Nikaenda Sanje kwanza, alikokuwa akiishi Injinia baada ya kuacha kazi.

Nilimkuta kando ya barabara akipanga mikungu ya ndizi, amekonda, mkono wa kushoto umegeukia ndani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe wa chuo."

"Injinia, nimetumwa kuvunja drifti yako."

Hakuniuliza nani kanituma wala nitajenga nini. "Umepima lini?" akasema.

"Masika. Maji yakiwa kiunoni."

"Na kiangazi?"

"Na kiangazi, ng'ombe wakiwa shambani. Na wakati wa kuinua kingo. Nimetembea na wenye majaruba mmoja mmoja, na wenye ng'ombe."

Alichambua kwanza ndizi zilizoiva. "Mimi nilipima kiangazi," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. "Nitakuja."

Alikuja kwa bodaboda, nyundo ileile kaipakata mapajani. Wakulima walikuwapo, wafugaji walikuwapo, na yule mzee wa maziwa, sasa anatembelea fimbo, alikuwapo. Mke wa mjomba alikuwa amesimama kwenye kingo za jaruba lake. Injinia hakumtazama mtu. Alikwenda mpaka pale ambapo mjomba alianguka, na sote tulipafahamu, akainua nyundo akapiga. Nyundo ikadunda. Akapiga tena, kifundo kikamsaliti, nyundo ikamponyoka ikabiringika juu ya zege.

"Okota," akaniambia. "Piga wewe. Piga kama unamchukia aliyeijenga."

"Namchukia," nikasema, na watu wote wakasikia.

"Najua. Ndiyo maana nimekupa wewe."

Nikapiga. Nilipiga kwa ajili ya mpini wa jembe na kwa ajili ya rungu, nilipiga kwa ajili ya kile kichwa kilichokuwa pajani mwangu, na zege la Injinia likanirudishia kila pigo mpaka mabegani. Nikasimama kuvuta pumzi. "Bado," akasema. Nikapiga. Ufa ukatokea, mwembamba. "Bado." Nikapiga mpaka mpini ukawa unateleza kwa damu ya viganja vyangu, machozi yananitoka na siyahisi, na yeye amesimama mbele yangu karibu sana, karibu kuliko inavyofaa kusimama mbele ya mtu mwenye nyundo, akisema, "Bado. Bado." Nikaelewa alichokuwa anakingoja kutoka kwangu tangu siku ya mazishi: nimpige yeye. Nikaogopa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa tayari.

Mkono mwingine ukaushika mpini. Ulikuwa wa mke wa mjomba, una tope la jaruba mpaka kwenye kiwiko.

"Imetosha, mwanangu," akaniambia. Akanitoa nyundo mikononi, akailaza chini. Kisha akamgeukia yeye. "Na wewe, mama. Imetosha."

Injinia alifungua mdomo, na sote tuliokuwapo tulilijua neno lililokuwa linakuja. Halikutoka. Alikaa chini juu ya zege lake, na mke wa mjomba akakaa karibu naye.